Ampea Tano za Tahsin

“Pasi peke yake ampea sita!” Ami Nazih aligonga ukuta wa ukumbi kwa kidole. “Sita! Na huyo bwana wenu ana tano nyumba nzima.”

“Sema polepole, ami. Wageni wanasikia,” Lamis alisema.

“Na wasikie!”

Sebuleni Tahsin alikuwa amekaa na dada zake wawili, maua magotini, amekuja kuposa. Lakini ndoa ingefungwa au kuvunjwa humu ukumbini, maana bila radhi ya Nazih, Fatiha ya kufunga posa isingesomwa. Lamis alilijua hilo. Aliitaka ndoa hii kwa roho yake yote.

Hesabu hii Lebanon nzima inaijua kwa kichwa. Umeme wa serikali huja kwa muda wa saa mbili tu kwa siku, tena ukijisikia; unaobaki ni wa jenereta ya mtaa, nao hugawiwa kwa ampea. Ukizidisha kidogo tu, swichi inaruka na nyumba inakuwa giza. Nyumba ya akina Nazih ilijulikana kuwa na kumi, na Nazih aliringa nazo.

“Mtu atoke kwenye kumi ahamie kwenye tano? Watu watatucheka mpaka jino la mwisho. Baba angekuwa hai asingekubali.”

“Angekuwa hai, ami, tusingekuwa na maneno haya.”

Nazih akarudi kwenye hesabu. “Haya. Friji?”

“Moja na nusu.”

“Runinga?”

“Nusu.”

“Blanketi la umeme, baridi ikiingia?”

“Nusu. Taa zote, nusu. Jumla tatu. Zimebaki mbili za kuringia.”

“Mashine ya kufulia je?”

“Itangoja umeme wa serikali, kama wanavyongoja wenzetu. Chai itachemka kwenye gesi. Na nguo zikikunjwa vizuri zikawekwa chini ya godoro, hazitaki pasi wala hazitaki ami.”

“Una mdomo wewe!”

“Ninao.”

“Kukadiria ni rahisi, hata kasuku anaweza. Kuishi na tano ni jambo jingine. Ndani ya wiki moja mtu atarudi hapa analia.”

Lamis akafungua mlango wa nje, akamwonyesha kisanduku cha swichi pale ngazini. Nazih akavaa miwani, akainama. Swichi ya kumi haikuwapo. Mahali pake palikuwa na ya tano.

“Fundi wa jenereta aliibadilisha, leo wiki mbili,” Lamis alisema. “Umekula, umelala, umetazama mpira wako wote. Umelia mara ngapi?”

Nazih aliigusa ile swichi kwa kidole. Mwishowe alivua miwani, akashusha mabega.

“Haya. Nimeridhia. Mungu awabariki.”

Lamis hakungoja abadili nia. Alikwenda mbiombio jikoni, maana kwa desturi kahawa ya posa huletwa na anayeposwa, kwa mkono wake mwenyewe, na ilikuwa imeshaanza kupoa.

Bibi yake wa miaka sabini na mbili alikuwa amesimama kando ya jiko, ushungi mpya kichwani, sinia mkononi.

“Nenda, bibi,” Lamis alimwambia. “Mwanao ameridhia. Mchumba wako anakungoja.”