Kimya Hajasahihisha

Kitendawili hiki hapa: anauliza asubuhi, anauliza jioni, jibu liko mdomoni mwa mwenzake na bado halipati. Umeshindwa? Nipe mji wako nikutegulie. Ni mjomba mtu, mwenye kampuni ya kuandika programu za kompyuta. Akishauliza, hanyamazi.

"Kimya anakaa wapi?" alimuuliza mpwa wake asubuhi hiyo. "Na mbona haombi mshahara? Fundi gani huyo?"

"Mjomba, Kimya si—"

"Ngoja nimalize."

Hakumaliza. Mafundi wake waliandika programu, na fundi ni mtu, hukosea. Lakini kila kulipokucha makosa yalikuwa yamesahihishwa, na chini pameandikwa: Kimya. Wateja wakasifu. Mjomba hakuwahi kumwona, ila kila mgeni aliambiwa habari zake. Mpwa je? Tangu mwaka jana kainamia kidude alichokibuni mwenyewe ndani ya kompyuta, ati kiwasaidie mafundi.

"Mteja hanunui kidude," mjomba alisema, kasimama mbele ya meza yake. "Sisi tunauza programu. Nani alikutuma? Kifute. Sasa hivi, nikiona."

Mafundi wengine wakatazama viatu vyao.

"Nisikilize kwanza, mjomba. Hicho ndicho—"

"Nimekusikiliza mpaka masikio yamechoka. Futa."

Machozi yalimlenga. Akabonyeza, kikafutika.

"Na mwisho wa mwezi," mjomba akasema, "kiti hicho nampa Kimya."

Mchana simu ikalia. Mteja wao mkubwa, mwenye hospitali: programu imekwama, wagonjwa wamejaa mpaka barazani, na isipokaa sawa leo anahamia kwingine. Bila yeye kampuni ingefungwa. Mafundi walitafuta kosa mpaka jasho likawatoka. Hawakuliona.

"Mwambieni Kimya," mjomba akasema. "Leo kapatwa na nini?"

Mafundi wakatazamana, kisha wakaitazama meza ya mpwa.

Akarudi kwenye meza ya mpwa wake, safari hii akavuta kiti.

"Mwanangu, nitamfuata mwenyewe. Anachotaka nitampa. Wewe niambie tu, anakaa wapi?"

Akanyamaza. Mpwa akangoja kidogo, labda ana la kuongeza. Hakuwa nalo.

"Alikuwa anakaa humu," akasema, akigusa kompyuta. "Asubuhi ulisimama hapo hapo, ukaniambia nimfute."