Mzungu wa Mkuu Tak

Soksi, ndiyo, umesikia vizuri. Mwalimu Maeng alikuwa anafundisha Kiingereza kwa soksi. Anaishonea vifungo viwili viwe macho, anaivaa mkononi, inakuwa mbweha, hadithi inaanza. Watoto wenyewe wa miaka sita, saba. Hakuna kuandika. Mbweha akiruka, nao wanaruka. Mbweha akilala, wote chini, kimya, mpaka unasikia meli zinavyounguruma kule bandarini Mukho. Sasa mtoto asiyeelewa Kiingereza angejuaje kwamba ni saa ya kulala?

Lakini akina mama! Ulikuwa mwaka ule Kiingereza kimeingizwa shule za msingi, wakapagawa. Wenyewe hawajui hata kuomba maji kwa Kiingereza, ila kelele.

"Mwanangu anarudi nyumbani anarukaruka kama chura," Mama Seung-u akalalamika. "Hayo ndiyo masomo? Wenzetu Seoul wanafundishwa na wazungu."

Mwenye darasa alikuwa Mkuu Tak, alikodi ghorofa juu ya duka la dawa. Nywele zake alizipaka mafuta mpaka nzi angeteleza. Akawaambia akina mama, basi, Jumamosi namleta mzungu asimulie hadithi. Watoto wakimwelewa, Mwalimu Maeng abaki. Wasipomwelewa, aondoke, mzungu achukue darasa.

Jumamosi mzungu akaja. Mrefu, nywele rangi ya majani makavu, tai imembana shingo. Mkuu Tak akampa kitabu. Mzungu akakifunga, akakiweka mezani, akasimulia kutoka kichwani.

Alisimulia, jamani! Akanguruma, akanong'ona, akapiga meza. Mkuu Tak akicheka, akina mama nao wanacheka. Mkuu Tak akiinamisha kichwa, Mama Seung-u anatoa leso, anafuta macho.

"Sikieni matamshi hayo!" akamwambia jirani yake. "Hicho ndicho Kiingereza chenyewe."

Na watoto? Wametumbua macho tu. Hakuna aliyeruka, hakuna aliyelala.

"Byeol, mwanangu," mama mmoja akamwuliza bintiye, "amesema nini?"

"Sijui, Mama."

"Miaka miwili unasoma, hujui?"

"Hata mimi sijaelewa hata neno moja," Mwalimu Maeng akasema taratibu kutoka kule nyuma.

Weee! Chumba kizima kikaangua kicheko.

"Mmemsikia? Kumbe anafundisha asichokijua!"

"Mwalimu, hizo soksi zirudishe miguuni, baridi inakuja!"

Mwalimu Maeng akasimama. "Lakini Mkuu, mtu huyu—"

"Inatosha!" Mkuu Tak akamkata haraka, uso umemwiva. "Wazazi wameona wenyewe. Kusanya vitu vyako."

Basi akakusanya. Mbweha ndani ya mfuko, sungura ndani ya mfuko, dubu mwenye jicho moja. Miaka kumi na moja ya kazi ikaingia kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Byeol akamshika sketi, akagoma kuachia. Akina mama hawakugeuka hata kumtazama. Walikuwa wanapanga meza, chakula cha kumkaribisha mgeni, wanagombania nani akae karibu naye.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Shangazi Kok, muuza kaa wa bandarini, amebeba sinia la kaa waliochemshwa, moshi unafuka. Akamwona mzungu, akakaribia kudondosha sinia.

"Ee! Bado upo wewe? Nilidhani meli yenu imesharudi Urusi!" Akawageukia akina mama. "Huyu baharia mwezi mzima ananiletea kaa, tunapatana bei kwa vidole. Kikorea hajui, Kiingereza hajui, yeye na Kirusi chake tu. Huku kafuata nini?"

Mama Seung-u akainuka polepole, akampokea sinia akaliweka mezani, akampisha Mwalimu Maeng mahali pake karibu na sinia, na wote wakakaa, wakala.