Stempu ya Kompyuta

Mzee Apolinari aliipita foleni yote ya posta ya Karatu, kifurushi kikiwa mikononi.

"Samahanini. Mimi nimeshalipiwa kwa kompyuta."

Binti yake aliishi Marekani, na huko alilipia kila mwezi huduma ya kuchapa stempu nyumbani. Safari hii alimtumia baba yake moja kwa barua pepe. Mzee aliichapisha kwenye intaneti kafe, akaibandika kwa uji mzito. Ndani ya kifurushi mlikuwa na shuka la kumfunikia mjukuu, mtoto wa binti huyo, siku ya ubatizo huko Marekani.

Karani aliigusa ile stempu, akatabasamu. "Shikamoo, mzee. Hii ni ya vifurushi vinavyotoka Marekani. Vya hapa vinataka stempu za kwetu."

"Marahaba. Basi nipe za kwenu."

"Kubwa zimeisha. Zipo hizi ndogo za twiga, itabidi uzibandike kifurushi kizima. Na gari la Arusha ndilo lile linawashwa. Jingine ni wiki ijayo."

Wiki ijayo kifurushi kingechelewa ubatizo.

Mzee alilamba twiga mmoja, akalamba wa pili, akaendelea. Gundi ilikuwa chungu, na ulimi ulimkauka kabla hajamaliza upande mmoja. Nje, dereva alipiga honi.

Aligeuka, akaitazama foleni aliyoiruka.

"Jamani..."

"Kumbe kompyuta haina mate, rafiki yangu?" aliuliza mzee mwenzake aliyevaa rubega, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasogea kaunta, akanyoosha mkono.

"Gawa twiga, babu. Gari linaondoka."