Seva Iliyoandikwa Kenya

Kila asubuhi Sellah alikunywa chai chumbani kwake Tuwan, Kitale, kisha akajibu simu za wateja wa kampuni ya VPN, ile huduma ya kumficha mtu mtandaoni. Leo simu iliita kikombe kikiwa mdomoni.

"Napiga kutoka Kanduyi," mama mmoja alisema. "Kijana wangu yuko Uarabuni. Anataka kutuma picha za vile tajiri wake anawapiga wafanyakazi. Wakimjua, ameisha. Hiyo seva, ile kompyuta picha zinapitia, mmeandika Kenya. Iko Kenya kweli, ama iko hukohuko kwao wamshike?"

Sellah alijua iko hukohuko. Kenya lilikuwa jina tu kwenye orodha. Jibu la kampuni lilikuwa limebandikwa ukutani, na mwaka mzima alikuwa akiwasomea watu asiowajua bila kusita.

"Iko pale palipoandikwa, mama."

"Ati wewe si mtu wa huku Bungoma? Nasikia kwa sauti. Basi nimekuamini, mwanangu. Wacha nimwambie atume."

Kwao Sellah kulikuwa Bungoma kweli, na masikio yalimwaka moto. Sponji za vipokea sauti zililowa jasho, zikamganda mashavuni.

"Mama, usikate," alisema. "Nimekudanganya. Asitume."