Samaki wa Pil-sik

Jeki ilipoinua fremu ya lori, ekseli iliachwa ikining'inia kwenye mfuko wake wa hewa, ule unaofanya kazi ya springi, mpira wa mfuko ukavutika kama shingo ya kuku anayechinjwa. Pil-sik alikuwa amesahau kuifunga kwanza ekseli kwenye fremu kwa mnyororo. Hilo lilikuwa lori la tano tangu asubuhi.

"Endelea tu, fundi," dereva alisema. "Mle ndani ya kebini nimefunga samaki mkavu wa kinga kwa uzi mweupe, kama desturi yetu Wakorea. Lori hili halipati mkosi."

Pil-sik aliupapasa ule mpira wa mfuko. Kidole kikazama kwenye mpasuko mpya. Dereva hakuuona.

Pil-sik alijifuta mkono kwenye ovaroli, akajifuta tena.

"Kaka, kamfungue huyo samaki uniletee," alisema. "Leo anayehitaji kulindwa ni mimi."