Nguvu za Kashindye

Zama hizo mzee hakuachwa achoke. Kila asubuhi mjukuu alivaa kibandiko mkononi, kisha kikahamishiwa kwa bibi yake. Mitokondria changa za mtoto, zile chembe zinazoipa seli nguvu, ziliingia ndani ya seli za mzee, utando ukagusana na utando hadi zikawa kitu kimoja, na zile za mzee zilizochakaa zikapata uhai kwa zile nzima.

Basi Bibi Nyamizi wa Tabora akawa anatwanga mahindi huku anaimba kama mwari.

"Utatoboa kinu, Bibi wee!" Mjukuu wake Kashindye alicheka, kisha akapiga mwayo. Uji wake ulikuwa umepoa.

"Mbona hunywi, mke mwenzangu?"

"Nimechoka kidogo tu."

Mtoto wa miaka saba hachoki asubuhi. Bibi akauweka mchi chini.

"Kuanzia leo sivai tena kibandiko chako."

"Hutaweza kuinuka!"

"Nitakaa nikutazame. Haya, nenda kacheze."

Alasiri magoti yalimlegea, akajilaza mkekani. Akiwa katikati ya usingizi alihisi vidole vidogo vikimbandika kitu chenye joto mkononi.

"Lala tu, Bibi," Kashindye alinong'ona.

Nguvu tamu ikampanda magotini. Bibi alifumba macho zaidi, wala hakuuvuta mkono.