Chiriku wa Mapokezi

Zama hizo wanyama walikuwa na hospitali yao ndani ya ukungu, na Chiriku ndiye aliyekaa mapokezi. Kabla mgeni hajavuta pumzi, yeye keshauliza: "Jina? Kwenu wapi? Amekula nini?"

Swala alifika kambeba mwanawe aliyelegea. Akafungua mdomo, akaufumba, akatokomea ukunguni.

"Hakujibu hata swali moja!" Chiriku akalalamika.

Siku nyingine kinda la Chiriku mwenyewe likaanza kuhema kwa shida. Akalikimbiza hospitali, akakuta zamu ni ya Konokono.

Konokono akamtazama, akasema taratibu, "Pole, mama. Keti kwanza."

Chiriku, bingwa wa maneno, akakosa hata moja. Akalia mpaka akatulia, kisha akanong'ona, "Yule Swala alirudi?"

"Hajarudi."